Neno Kutoka Shimoni

Tangu asubuhi Palmina alikuwa hajamtazama bintiye usoni. Alikanda unga, akausukuma ukawa mwembamba, akaukata tambi za Jumapili, na muda wote huo macho yake hayakuondoka mezani. Nives alikijua kimya hicho. Mama yake akinyamaza namna ile, basi neno limekwisha iva, linangoja kupakuliwa tu.

Lilipakuliwa pamoja na chakula.

"Basi la saa kumi na moja ndilo analoondoka nalo?"

"Ndilo, Mama."

"Mungu amfikishe salama."

"Mama."

"Nimemwombea dua. Nimekosa nini?"

"Umemwombea afike. Hukuuliza kama anakwenda peke yake."

Palmina akaweka uma. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Miezi mitano fundi huyo yuko hapa Montelupaio, na hakuna anayemjua mamaye wala babaye. Anakula chaza wabichi, kaniambia mwenyewe kwa kinywa chake, tena anacheka. Mtu anayekula kitu kingali hai, mke atamfanyaje?"

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Sababu ni kwamba huko kwao Taranto ni mbali. Treni mchana kutwa na usiku kucha. Siku nikifa utanikuta nimeshafukiwa, na majirani wameshagawana kuku."

Nives alikuwa na miaka ishirini na minane, mtoto pekee, na baba yake alikuwa amekufa kwa kifua miaka sita iliyopita. Alikula tambi mbili tatu, akasukuma sahani.

"Naenda ukumbini kumuaga."

"Kumuaga au kumfuata?"

"Sijui."

Alikuwa anajua. Tangu Alhamisi sanduku lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa kamba, na kila usiku alikuwa akilala huku akirudia maneno mawili aliyotaka kumwambia Cataldo, huyo fundi seremala aliyekuja kutengeneza ukumbi: nakuja nawe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini sanduku linafichika, na Nives alikuwa ameshukuru kwa hilo.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti. Mwezi wa Novemba milima ile haina mchana. Ina kipande cha weupe kati ya usiku na usiku. Nives alipanda njia ya mawe akishika kuta za nyumba, akapita kisima, akafika mbele ya ukumbi wanaouita Kifo Chema.

Wenyeji hulitaja jina hilo bila kushtuka. "Jioni tukutane Kifo Chema," watakwambia, na wanacheka. Jengo hilo lilikuwa kanisa dogo la udugu wa watu waliojitolea kuzika maiti wasio na ndugu. Udugu ule ulipokwisha, mababu wakaiondoa altare, wakajenga jukwaa mahali pake, wakazungusha roshani za mbao ukutani, likawa jumba la maigizo la viti sitini. Darini picha ya mifupa ya mtu, imeshika chupa ya mchanga ya kupimia saa, ilibaki, kwa sababu hakupatikana wa kupanda kuipaka chokaa. Na chini ya jukwaa yalibaki makaburi. Mdomo wa kaburi kubwa ulikuwa mbele kabisa, palepale panapohitajika tundu la mnong'onezi, basi wakalitumia hilohilo. Watu wa Montelupaio hawaachi shimo lipotee bure.

Mnong'onezi ni yule anayekaa shimoni na kitabu, kichwa kimefunikwa kwa kofia ya ubao watazamaji wasimwone, akiwapa waigizaji maneno. Mahali pengine humkumbusha aliyesahau. Montelupaio hakuna anayesahau, kwa sababu hakuna anayekariri. Waigizaji ni wakulima na mafundi cherehani, mazoezi ni mara tatu tu, basi. Shimo linagonga ubao kwa kidole mara mbili, linanong'ona, na aliye jukwaani anasema. Kanuni yao ni moja, na watoto wanaijua: lililotoka shimoni lisemwe.

Palmina alikuwa amekaa shimoni miaka thelathini. Kabla yake alikaa baba yake, Settimio fundi viatu, aliyefia humohumo kitabu kikiwa magotini. Wanasimulia kwamba hakuna aliyejua amekufa mpaka waigizaji wote watano waliponyamaza kwa pamoja, wakabaki wanatazamana. Nives hakumkuta babu huyo. Lakini tangu ana miaka kumi na mmoja alikuwa akisimama mbele ya tundu lile kila msimu, na ulimi wake ulikuwa umezoea kusema kabla akili haijasikia.

Aliusukuma mlango. Ndani taa moja ilikuwa inawaka jukwaani, na Cataldo alikuwa amekaa ukingoni miguu ikining'inia, koti limeshavaliwa tayari.

"Umechelewa," alisema.

"Ukungu. Nimekuja nikipapasa."

"Nikadhani umebadili nia."

"Ningebadili ungefanya nini?"

"Ningekaa hapa mpaka mwakani. Ningeivaa tena ile fulana ya zambarau, wazee wenyewe wangekuja kukupigia magoti unitoe."

Nives alicheka. Siku ya kwanza fundi huyu alikuwa ameingia ukumbini na fulana ya rangi hiyo, rangi ya mikosi kwa kila mtu wa jukwaa, na wazee waliokuwepo walikimbilia kugusa chuma chochote walichokiona, hadi miwani, kuepusha mkosi. Nives ndiye aliyemwendea, akamwambia vua, akaitupa nje, na fundi akafanya kazi mchana kutwa na vesti, anatetemeka, anamtazama. Mapenzi yao yalianzia kwenye kutetemeka huko.

Kicheko chake kilirudi kutoka kwenye roshani za juu. Kilirudi kikiwa kimechelewa kidogo, na hakikuwa cha kike sana. Wote wawili wakatazama juu.

"Mbao mpya," Cataldo alisema. "Zinabadilisha mwangwi."

"Umewasha mshumaa?"

"Mimi? Kwenye randa na maranda haya?"

"Nasikia harufu ya nta."

"Naisikia tangu Alhamisi. Tangu niupigilie misumari ule mlango wa chini, wa kuingilia shimoni." Alishuka, akamshika mikono. Yake ilikuwa ya moto, ya Nives barafu. "Sikutaka kukwambia. Kule chini nilikuwa naacha misumari chunguni, nikigeuka naikuta imepangwa sakafuni safu, midogo kwa mikubwa. Mimi sipangi misumari, Nives. Maisha yangu yote sijapanga."

Nives hakumwambia kwamba babu yake alikuwa fundi viatu.

"Kwa hiyo ukaufunga."

"Misumari kumi na minne. Sasa anayetaka kuingia shimoni apitie huku juu, afunue ile kofia. Tuyaache hayo, saa haitungoji. Njoo."

Akampandisha jukwaani. Alitaka kumwambia palepale, alisema, mahali alipomwona akiigiza mara ya kwanza. Wakasimama chini ya taa. Cataldo hakuwa mzuri wa kusemwa. Pua ilikuwa imevunjika zamani na kidole kimoja hakikunjiki. Lakini alipomtazama Nives, Nives alihisi yeye ndiye mtu pekee aliyebaki duniani, na kwa dakika ile hakutamani mwingine.

"Nimemwandikia mama yangu," Cataldo alisema. "Nimemwambia nakuja na mtu. Kama nimemdanganya, niambie sasa, nitamwambia barua ilikosewa. Mimi si tajiri wa maneno. Chumba kipo, kinatazama bahari. Kazi ninayo. Na wewe ninakupenda hadi naogopa. Unakuja?"

Nives akafungua mdomo. Maneno yake mawili yalikuwa pale, mepesi, aliyoyalalia siku tatu. Ndipo machozi ya furaha yakatangulia, na sauti ikakataa kutoka. Ilikuwa ni pumzi moja tu ya kimya.

Miguuni pake ubao ukagongwa. Kidole. Mara mbili.

Kisha mnong'ono, mkavu, wa taratibu, kila neno limekatwa sawasawa.

Naye akasema. "Siendi. Tusipotezeane wakati. Nenda na heri."

Aliisikia sauti yake ikienea ukumbini, safi, kama ya usiku wa maonyesho. Uso wa Cataldo ukakauka.

"Sema tena," alisema.

Kidole kikagonga.

"Siendi," Nives akasema. "Nenda na heri."

"Haya." Aliiachia mikono yake polepole, mmoja baada ya mwingine. "Haya. Nimesikia. Mara mbili inatosha, sina haja ya kuambiwa mara tatu. Nitachukua vyombo vyangu huko nyuma."

"Cataldo..."

Lakini jina hilo tu ndilo lililotoka. Alikuwa kama mtu aliyetumbukia majini na nguo zote. Cataldo akapita nyuma ya pazia, na zikaanza kusikika nyundo na patasi zikitupwa kisandukuni bila huruma. Maji yakimwagika hayazoleki, na Nives alisimama akiyatazama yanavyokwenda.

Kisha hasira ikampanda. Aliujua mnong'ono ule. Miaka kumi na saba alikuwa ameuishi. Akaiendea kofia ya ubao.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "toka humo. Toka nikuone. Huna haya?"

Akaishika kofia kwa mikono miwili, akaifunua.

Kigoda kilikuwa kitupu. Vumbi la mbao lilikuwa limekifunika, laini, halina alama ya kidole wala ya makalio. Sakafu ya shimo vilevile. Baridi ikampanda usoni, na harufu ya nta ikawa kali kana kwamba mshumaa umezimwa sasa hivi mbele ya pua yake.

Mlango wa mbele ukafunguka, ukungu ukaingia, na nyuma ya ukungu akaingia Palmina. Alikuwa na koti juu ya aproni, mikono bado imelowa. Alitembea kati ya viti akishika kimoja kimoja.

"Mama. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa naosha vyombo."

"Kuna mtu amenong'ona. Amegonga mara mbili."

Palmina akasimama. Hakuuliza ni nani. "Kasema nini?"

"Kasema siendi. Nenda na heri." Machozi yakamtoka. "Nami nimeyasema, Mama. Mara mbili. Sikutaka."

Palmina akakaa kwenye kiti cha mbele, akajifuta mikono kwenye magoti kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Ndivyo alivyonipa na mimi," alisema. "Maneno hayohayo. Hakubadili hata moja."

"Nani?"

"Baba. Nani mwingine? Tulikuwa tumemzika miaka miwili kabla. Oreste, mchumba wangu, alikuwa na tiketi mbili za meli ya Argentina, akanileta hapa kuniuliza, maana nyumbani watu walikuwa wengi. Tulisimama hapo uliposimama. Baba enzi za uhai wake alikuwa ameapa binti yake hatavuka bahari. Nikataka kumjibu Oreste, nikakwama, ubao ukagongwa. Nikasema. Nilipojijua nimesema nini, mwenzangu yuko mlangoni."

"Hukumfuata?"

"Nimwambie nini? Yale si yangu, ni ya marehemu? Angeniona nina wazimu, au mwongo. Nikaolewa na baba yako, mtu mwema, Mungu amrehemu, sikumkosea hata siku moja. Na nikaomba kazi ya shimoni. Watu wanadhani napenda vitabu." Akatikisa kichwa. "Kigoda kikikaliwa, yeye hana pa kusemea. Nimekikalia miaka thelathini asimsemee mwingine."

Nives alimtazama. Kuna jambo lilikuwa linamjia, na hakulitaka.

"Leo hukukikalia," alisema.

"Leo sikukikalia."

"Ulijua nakuja kusimama hapa."

"Nilijua." Palmina aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama bintiye usoni. "Sanduku nililiona Ijumaa nikifagia. Nikasema, Palmina, nyamaza. Wewe huna la kumzuia, mwache baba amzuie. Nilikutupa kwake, mwanangu. Usinisamehe leo, ni mapema mno."

Nyuma ya pazia vyuma viliacha kulia. Ilisikika kamba ikifungwa.

"Kwa nini umekuja, basi?" Nives aliuliza, na sauti yake ilikuwa ngumu.

"Nimeosha sahani mbili. Nikaziona kesho zitakuwa mbili, na kesho kutwa mbili, mpaka siku itabaki sahani moja, nayo itakuwa yako. Nikaona utakuja kuomba kazi ya shimoni." Akainuka. "Nipe mkono. Goti hili halishuki peke yake."

"Mama, usiingie."

"Nipe mkono, nimesema. Umemsikia anafunga kamba."

Nives alimshusha. Palmina alitangulia na mguu mzima, akaburuta wa goti, akakaa juu ya kigoda bila kukipangusa. Alipokaa tu uso wake ulibadilika. Alikaza taya, kama mtu anayezuia mlango unaosukumwa kutoka upande wa pili.

Cataldo akatokea na kisanduku begani. Njia ilikuwa ni moja, kupita mbele ya jukwaa, na akaipita macho yakiwa chini. Alipomwona Palmina shimoni akasita.

"Bi Palmina. Samahani. Napita tu."

Palmina akapeleka kiganja mdomoni.

"Cataldo," Nives alisema. "Simama kidogo."

Akasimama, lakini hakutua mzigo. Nives akavuta pumzi, na bila kukusudia akatega sikio. Ni mazoea, alingoja. Alingoja apewe. Akatupa jicho shimoni, na akamwona mama yake ameziba mdomo kwa kiganja, anamtazama kwa macho yanayosema hakuna, mwanangu, humu leo hakuna neno lako.

"Yale," Nives alianza. "Yale niliyosema si... Subiri. Nina sanduku. Liko chini ya kitanda tangu Alhamisi. Nimetia magauni mawili na lile shuka la bibi, na viatu, viatu vimoja tu, kwa sababu vingine... Sijui kwa nini nakwambia viatu." Alikuwa analia na hakujifuta. "Sijui kusema nisipoambiwa. Sijawahi. Nakupenda. Nakuja nawe. Hata kama sasa hunitaki nitakuja mpaka kituoni niseme tena."

Ilikuwa ni hotuba mbaya kuliko zote zilizowahi kusemwa kwenye jukwaa lile. Cataldo akatua kisanduku polepole.

"Na yale mengine? Mara mbili, Nives."

"Hayakuwa yangu."

"Ya nani?"

"Nitakwambia ndani ya basi. Ukitaka kunishusha njiani, utanishusha."

Cataldo akapanda jukwaani kwa hatua mbili, akamkumbatia kwa nguvu hadi kitufe cha koti kikamuumiza shavuni, na Nives akakiacha kimuumize.

"Bi Palmina," Cataldo alisema juu ya kichwa cha Nives, "mimi sikutaka kuondoka bila baraka yako."

"Usinitazame mimi, fundi, tazama saa." Palmina aliondoa kiganja mdomoni kwa shida. Alisema upesi upesi. "Sanduku nimelileta, liko mlangoni, zito kama lina mawe. Na hao chaza wako kula mwenyewe, mwanangu usimlishe."

"Mama, toka sasa. Tukusindikize nyumbani."

"Nikitoka atasema. Nitatoka mkishapanda."

Nives akapiga magoti kwenye ubao, akainama shimoni, akambusu mama yake kwenye nywele. Zilikuwa baridi. Alitaka kumwambia amemsamehe, lakini ilikuwa bado si kweli, na alikuwa ameanza tu leo kusema yaliyo yake. "Nitakuandikia," alimwambia. "Kila Jumapili."

"Nenda. Mpe mkono mumeo, kuna giza hapo kwenye ngazi."

Walitembea kati ya viti. Kule uwanjani honi ya basi ililia ndani ya ukungu, mara moja, ndefu. Cataldo akatangulia nje na kisanduku, akalibeba na sanduku la Nives mkono wa pili. Nives akageuka kuvuta mlango.

Jukwaani taa ilikuwa bado inawaka. Kichwa cha Palmina tu ndicho kilichoonekana, kimeinama, kimegeuzwa pembeni, namna mtu anavyomwinamia mgonjwa kitandani. Alikuwa anazungumza. Ilikuwa sauti ambayo Nives hakuwahi kuisikia kwa mama yake, ya msichana mdogo aliyechoka kubishana.

"Hapana, Baba," alisema. Akanyamaza, akasikiliza. "Hapana. Huyu hapana. Ongea na mimi."

"Kuna nini?" Cataldo aliuliza kutoka barazani.

"Mama anaongea na babu," Nives alisema. Akaufunga mlango taratibu asiwakatize, na wakakimbia kuliwahi basi.